Kongano la mwani kuvuka mpaka: mwongozo kamili kwa vikundi vya Mombasa na Pwani

Mombasa haijakosa marafiki wa mbali. Mji huu ni dada wa Seattle tangu 1981, na Long Beach ikafuata baadaye. Lakini hati ya undugu haikaushi mwani wala haiuzi sabuni. Ushirikiano wa kiuchumi kati ya eneo na eneo hushika pale penye bidhaa moja, tatizo moja lililopimwa, na pande mbili ambazo kila moja ina kitu ambacho mwenzake hana. Sahihi na picha za pamoja zije baadaye. Ndiyo maana katika mwongozo huu hati ya maelewano imewekwa hatua ya 7, ingawa wengi huianza nayo.

Bidhaa tuliyoichagua ni mwani. Zanzibar wanaulima kibiashara tangu 1989, walipoanzia Paje na Jambiani. Kwale wanaulima Kibuyuni na vijiji vya jirani. Mombasa yenyewe haina mashamba makubwa ya mwani, ila ina bandari, soko, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa (TUM) na makao makuu ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, pale Mkomani. Mbali zaidi iko Bretagne, jimbo la Ufaransa ambako kituo cha sayansi ya bahari cha Roscoff kimekuwapo tangu 1872 na kituo cha CEVA cha Pleubian kinashughulikia mwani tu. Hatua hizi zinafaa pia kwa nazi, korosho au maembe. Utabadilisha vipimo na ofisi za kupitia.

Kongano ni wazalishaji, watafiti na serikali kukaa juu ya bidhaa moja na kugawana kazi. Mfano wa karibu wa kujifunzia ni kongano la mwani la Zanzibar, lililoanza 2006, ambalo mtafiti Flower Msuya amelisukuma kwa miaka mingi: wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, wakaanza kusaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza mkavu peke yake. Kabla hujatafuta mwenza Ulaya, vuka kwanza uwaone hao.

Hatua ya 1: Pima kabla hujaalika mtu

Tenga miezi miwili. Nenda kwa wakulima na daftari, uondoke na namba hizi: kila kaya inavuna kilo ngapi kwa mwezi, bei ya ufukweni, bei ya mnunuzi wa pili, nauli ya gunia hadi Mombasa, na sehemu ya mavuno inayopotea na sababu yake. Mwani huvunwa baada ya wiki 6 hivi tangu kufungwa kwenye kamba, kwa hiyo ziara moja haitoshi. Fuata angalau mizunguko miwili, mmoja ukiwa wa kusi na mwingine wa kaskazi ikiwezekana, kwa sababu mavuno ya misimu hiyo hayalingani.

Uliza aina. Spinosamu (Eucheuma denticulatum) ni mvumilivu lakini bei yake ni ndogo. Kotonii (Kappaphycus alvarezii) hulipa vizuri zaidi, ila joto la maji likipanda hunyauka, matawi yakageuka meupe na kukatika. Kundi linalosema "tunalima mwani" bila kutaja aina halijawa tayari kuzungumza na mnunuzi.

Kisha unyevu, ambao ndio chanzo cha ugomvi mwingi wa bei. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hutoa kilo 1 ya mkavu, na mkulima akiuanika siku moja pungufu anauza maji. Kupima si kazi ngumu. Chukua gramu 100 kutoka magunia matano tofauti, juu, katikati na chini. Changanya, pima gramu 100 za mchanganyiko huo, weka kwenye tanuri la maabara la nyuzi 105, na upime tena hadi uzito usishuke. Ukibaki gramu 65, unyevu ni asilimia 35. Wanunuzi wa mwani ghafi kwa kawaida hukubali asilimia 35 hadi 40. Wa kusaga ni mwingine kabisa: ukizidi asilimia 12 hivi, unaganda kwenye kinu na kukipasha moto.

Angalia pia unaanikwa wapi. Ulioanikwa mchangani hubeba mchanga, na mchanga haufai sabuni wala chakula. Kichanja cha miti na wavu mkuukuu wa uvuvi, kilichoinuliwa mita moja kutoka chini, hukimaliza kisa hicho kwa gharama ndogo. Hapa ndipo ubunifu wa eneo mara nyingi huanzia, na si kwenye programu ya simu.

Mwisho wa miezi miwili andika sentensi moja ya tatizo, yenye namba. Kwa mfano: "Robo ya mwani wetu unashushwa daraja kwa unyevu na mchanga, na hakuna anayeusaga upande huu wa Pwani." Kama sentensi yako haina namba, rudi ufukweni.

Hatua ya 2: Kusanya watu, jisajili

Anzeni wachache. Wanachama 12 hadi 25 wanatosha: vikundi vitatu au vinne vya wakulima, wasindikaji wawili, mtafiti mmoja wa KMFRI au TUM mwenye ruhusa ya mkuu wake, afisa mmoja wa idara ya biashara au uchumi wa buluu wa kaunti, na mtu anayeuza kweli, hata kama ni duka la watalii Nyali au muuzaji wa Kongowea. Asiyekuwa na kazi ya kufanya ndani ya siku 90 asikalie kiti.

Chombo cha kisheria kichagueni kulingana na pesa mtakazoshika. Kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022 huhitaji watu 10 na husajiliwa kwa haraka. Kinafaa kwa majaribio. Ushirika nao unahitaji watu 10, lakini una nafsi yake kisheria: unaweza kumiliki mashine, kushitaki na kushitakiwa. Wenza wa nje watawauliza jambo hilo mapema. Mkitaka mwavuli wa vikundi vya kaunti kadhaa, kampuni isiyo ya hisa, yenye dhamana ya wanachama, huwa inakaa vizuri zaidi. Jumuiya ya Kaunti za Pwani, inayoziunganisha Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, ni mlango mzuri wa kuwafikia maafisa wa kaunti sita kwa pamoja, ila haiwezi kuwa mmiliki wa kinu chenu.

Ratiba ifuate maji. Wakulima wa mwani huwa shambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Mkutano wa bamvua watahudhuria waume na maafisa, na wenye shamba watakosekana. Panga mikutano wakati wa maji mafu, na ziara za wageni wanaotaka kuona kamba na vigingi vya shamba wakati wa bamvua. Miradi mingi ya nje hukosea hapa kwa sababu kalenda yake imepangwa ofisini.

Hatua ya 3: Jaribio moja, pande mbili

Sasa alika upande wa pili, Zanzibar au Tanga, kwa kazi moja tu: kutengeneza kitu kimoja kwa fomula moja na kulinganisha. Sabuni ya mwani na nazi inafaa kwa sababu vifaa vyake ni rahisi na makosa yake huonekana ndani ya wiki chache. Fomula ya kuanzia, kwa kilo 10 za mafuta:

Mafuta ya nazi kilo 6
Mafuta ya mawese kilo 4
Kostiki (sodiamu haidroksaidi) kilo 1.58
Maji safi lita 3.3
Unga wa mwani gramu 250

Kostiki hiyo imehesabiwa ili asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuka, na ndiyo inayozuia sabuni kukwaruza ngozi. Ukibadilisha uwiano wa mafuta lazima uhesabu upya: kilo 1 ya nazi hula takriban gramu 183 za kostiki, na kilo 1 ya mawese gramu 142. Mwenye kusema "kipimo ni kile kile" atauza sabuni inayochoma.

Usalama kwanza. Kostiki humiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa maana hapo huchemka na kurusha. Glavu ndefu, miwani ya kazi, mlango wazi. Msitumie sufuria ya kawaida ya alumini: kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Ikiruka kwenye ngozi, maji mengi ya bomba kwa dakika 15 au zaidi, na tiba ya siki iachwe.

Mwani uoshwe haraka kwenye maji baridi ya kunywa kuondoa chumvi na mchanga, ukaushwe kwenye kichanja chenye kivuli, usagwe, upitishwe kwenye chekecheo la matundu ya robo milimita. Chumvi ikibaki nyingi sabuni hutoa povu hafifu na hukatika vipande; chembe kubwa hukwaruza. Poza maji ya kostiki hadi kama nyuzi 40, mafuta nayo yawe karibu na hapo, changanya na mashine ya mkono hadi uji ukianza kuacha alama unapoutiririsha juu yake, ndipo utie unga wa mwani. Mimina kwenye kalibu, funika, acha siku moja au mbili.

Kateni vipande vya gramu 115, kwa sababu vikikauka vitapungua, na mteja anaponunua gramu 100 apate gramu 100. Bechi hii hutoa vipande 125 hivi baada ya kupunguza kingo. Vipangwe kwenye rafu yenye hewa wiki 4 hadi 6. Unyevu wa Mombasa ni adui: miezi ya mvua sabuni hutoa matone ya maji juu yake, na chumba kisicho na feni kitawagharimu wiki mbili zaidi.

Pande zote mbili zijaze karatasi moja: tarehe, chanzo cha mafuta, uzito wa kila kitu, joto, muda wa kuchanganya, uzito wa kipande wiki ya 1, ya 3 na ya 6, na kipimo cha ukali wa kostiki (sabuni salama huwa kati ya pH 9 na 10). Madoa ya rangi ya chungwa yakitokea upande mmoja tu, angalieni mafuta kwanza: yaliyochacha ndiyo huyaleta. Sabuni ikivunjikavunjika, pimeni upya kostiki. Kostiki iliyoachwa wazi huvuta maji hewani na uzito wake unadanganya. Fanyeni bechi tatu kila upande. Moja haitoshi kuonyesha kama tofauti ni ya mtu, ya mafuta au ya hewa.

Zaidi ya sabuni, mtabaki na ushahidi kwamba pande mbili zinaweza kufuata utaratibu mmoja na kupeana matokeo kwa ukweli. Ushahidi huo ndio utakaowapa mwenza wa tatu.

Mbegu ni habari nyingine. Kuna ushawishi mkubwa wa kuvusha mbegu za kotonii ndani ya gunia la mtumba. Msifanye. Mwani hai hubeba magonjwa na vimelea vinavyoshikamana na matawi, na shamba likiambukizwa halitibiki kwa dawa. Zungumzeni na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, na Huduma ya Uvuvi ya Kenya kwanza. Kibali na muda wa kuutenga mwani uangaliwe ni lazima.

Hatua ya 4: Viwango

Mkitoka kwenye jaribio na bechi zinazofanana, tafuteni alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Pelekeni vipande vya bechi tofauti, siyo vya ile iliyotoka vizuri tu, kwa sababu mkaguzi atakuja kiwandani bila kuwaonea haya. Chumba chenu kiwe na sakafu inayooshwa, maji ya bomba, sehemu ya kostiki iliyofungwa kwa ufunguo, na daftari la bechi. Lebo iwe na jina la bidhaa, viungo, uzito, namba ya bechi, tarehe na anwani ya mtengenezaji.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ya viwango na upimaji ya 2006 inalenga alama ya nchi mwanachama itambulike kwa wengine. Mezani mpakani, afisa anataka karatasi. Bebeni ripoti ya maabara pamoja na kibali cha alama, nakala mbili. Na kumbukeni Tanzania ina mashirika mawili: TBS kwa Bara na ZBS kwa Zanzibar. Jambo hilo hilo liko kwenye majina ya biashara. Alama ya biashara iliyosajiliwa Dar es Salaam hailindi Zanzibar, ambako usajili ni wa Zanzibar yenyewe. Kenya, ofisi ya usajili huo ni KIPI, kwa miaka 10 inayohuishwa. Sajilini jina pande zote tatu kabla sabuni haijaonekana kwenye maonyesho yoyote.

Hatua ya 5: Kuvuka Lunga Lunga

EAC ina utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo: shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, iliyo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na nchi mbili hizo, huvuka na cheti rahisi cha asili kinachojazwa mpakani, bila ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja cha Lunga Lunga na Horohoro ndicho chenu kwa Tanga; Taveta na Holili kwa Kilimanjaro.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza, kudhani ushuru sifuri ni kodi sifuri. VAT inabaki: asilimia 16 ikiingia Kenya, 18 ikiingia Tanzania Bara. Iwekeni kwenye bei tangu mwanzo. La pili, kutoangalia orodha. Sabuni iko kwenye namba 3401 ya forodha na mwani mkavu 1212. Mwulizeni afisa wa dawati la habari za biashara mpakani kama namba hizo zimo kwenye orodha ya wakati huo, kabla hamjapakia. La tatu ni asili. Kostiki, na mara nyingi mawese, hutoka nje ya jumuiya. Afisa ana haki ya kuuliza kama sabuni yenu imesindikwa vya kutosha kuitwa ya Kenya. Wekeni risiti za kila kiungo kwenye faili moja. Shehena ikizidi dola 2,000 mnahitaji cheti kamili cha asili kutoka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na hapo kampuni ya uwakala wa forodha inaanza kuwa na faida.

Kugawa shehena kubwa vipande vipande ili ipite kwa utaratibu rahisi ni mchezo unaojulikana. Forodha wanaujua pia.

Kwa Zanzibar, jahazi la Bandari ya Kale lina bei nzuri kuliko ndege, lakini mizigo yake nayo hupita forodha, na sabuni isiyofungwa vizuri ikilowa maji ya chumvi haitafika sabuni. Plastiki ndani, boksi nje, boksi juu ya mbao.

Mkizuiwa bila sababu inayoandikwa, ombeni sababu kwa maandishi na jina la ofisi, kisha ripotini kwenye mfumo wa pamoja wa EAC, COMESA na SADC wa vikwazo visivyo vya ushuru. Malalamiko ya mdomo hayana namba ya kufuatilia. Malipo kati ya Kenya na Tanzania yanaweza kwenda kwa M-Pesa kwa kiasi kidogo. Zaidi ya hapo tumieni benki, kwa sababu ukaguzi wa mwenza wa nje utataka taarifa ya akaunti.

Hatua ya 6: Mwenza wa mbali, na sampuli zinazokwenda naye

Sasa mna namba, bechi na mauzo kidogo mpakani. Barua kwa Bretagne, au kwa Réunion, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi, ina uzito. Kabla ya kuiandika, someni kile jimbo hilo limeamua kukisimamia. Majimbo ya Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na mkakati wa utaalamu mahiri ili yapate fedha fulani za maendeleo: kila jimbo huchagua nyanja chache linazoziweza na kuelekeza ubunifu huko. Mkakati uko wazi mtandaoni. Mwani au bahari ikiwemo, andikeni. Isipokuwemo, tafuteni jimbo jingine, hata kama meya wake aliwahi kutembelea Fort Jesus.

Barua iwe ukurasa mmoja: tatizo kwa sentensi yenye namba, mlichofanya, mnachokosa, na mnachoweza kumpa yeye. Wengi husahau hicho cha mwisho. Mwani unaokua kwenye maji ya joto, karatasi za bechi za pande mbili na njia ya soko la Afrika Mashariki ni vitu ambavyo maabara ya maji baridi haina.

Hapa pana mtego mkubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Mtafiti mgeni atakuja, atafurahi, ataomba gramu 500 za mwani za kupeleka maabara yake. Kenya imo kwenye Itifaki ya Nagoya, inayohusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, na kanuni za mazingira za 2006 zinataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kufikia rasilimali hizo. Utafiti wenyewe unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya. Juu ya hizo, mwandikiane makubaliano ya kuhamisha sampuli: ni ya kazi gani, anaweza kumpa nani, na ikitokea dawa au kipodozi chenye faida, kikundi cha Kibuyuni kinapata nini. Tanzania Bara, vibali vya utafiti viko COSTECH, tume ya sayansi ya huko. Zanzibar ina utaratibu wake. Kibali kikichelewa wiki kadhaa, mradi ucheleweshwe. Sampuli ikishaondoka uwanja wa ndege wa Moi bila karatasi, hakuna cha kujadili tena.

Tena, msikimbilie kuuza sabuni Ulaya. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na bidhaa za Kenya zenye asili halali huingia bila ushuru. Lakini sheria ya vipodozi ya Ulaya, namba 1223 ya 2009, hutaka mwakilishi anayewajibika aliye ndani ya Umoja, tathmini ya usalama iliyosainiwa na mtaalamu, faili la bidhaa na usajili kwenye mfumo wao kabla kipande cha kwanza hakijauzwa. Kwa bechi za vipande 125, gharama hiyo hailipiki. Nunueni kutoka kwao ujuzi wa kukausha na kupima. Uzeni kwao, baadaye, unga wa mwani wenye cheti cha maabara.

Hatua ya 7: Hati ya maelewano

Kwanza jueni nani anaweza kusaini. Kaunti ya Kenya ina serikali iliyochaguliwa, na biashara, kilimo na uvuvi ni kazi zake kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mambo ya nje ni ya serikali kuu. Kaunti ikitaka hati na jimbo la nje, rasimu ipite wizara ya mambo ya nje na kwa mshauri wa sheria. Upande wa Tanga, mkoa ni mkono wa serikali kuu na mkuu wake huteuliwa, kwa hiyo halmashauri huwa mshirika wa karibu zaidi kwa kazi. Zanzibar ina serikali yake na wizara yake ya uchumi wa buluu na uvuvi. Jimbo la Ufaransa lina baraza lililochaguliwa na bajeti yake. Mkiwaweka wote kwenye mstari mmoja wa sahihi bila kujua tofauti hii, hati itakaa kwenye droo ikisubiri idhini ya mtu asiyeitwa.

Kurasa mbili zinatosha, pamoja na kiambatisho cha kazi. Wekeni nani anafanya nini na tarehe. Fomula na data ni mali ya nani. Majina yanayotumika kwenye lebo. Jinsi ya kutoka. Na mapitio kila miezi 6. Tajeni vyeo, msitaje watu. Uchaguzi wa Kenya ni kila miaka mitano, na hati iliyobeba jina la waziri wa kaunti huondoka naye.

Hatua ya 8: Pesa

Kaunti haiwezi kukopa ila kwa dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Kifungu cha 212 kiko wazi. Kwa hiyo msimwombe gavana "atuchukulie mkopo". Ruzuku ndiyo njia, na kikundi au chuo kinaweza kuiomba chenyewe.

Programu ya Interreg ya Bahari ya Hindi, ambayo ni ya fedha za Umoja wa Ulaya za ushirikiano wa majimbo na husimamiwa na baraza la Réunion, ni ya kufuatiliwa. Someni kila wito wa maombi muone nchi gani zinastahiki na nani anaweza kuwa kiongozi, maana kwa kawaida kiongozi huwa upande wa Ulaya. Na mjue fedha za aina hii mara nyingi hurudishwa baada ya kutumika na kukaguliwa. Mnatumia sasa, mnalipwa miezi mingi baadaye. Kikundi kisicho na akiba hufa kikiwa na ruzuku mkononi. Kubalianeni na mwenza mkubwa atangulize, au mchukue kazi ndogo tu inayolingana na pesa mliyo nayo.

Mgawo tunaoupendekeza kwa mwaka wa kwanza: theluthi moja vifaa vya kukausha, kusaga na kupima, robo safari za wakulima kwenda kwa wakulima, robo viwango, vibali na usajili wa majina, kinachobaki uratibu. Bajeti yenye warsha za hoteli kubwa kuliko vichanja irudishwe.

Kila kifaa kiingizwe kwenye daftari siku kinapofika: namba yake, mahali kilipo, nani anakishika. Andikeni tangu mwanzo kwamba mradi ukifungwa kinu, tanuri na mizani vinakuwa vya ushirika, na hati ya kuvihamisha isainiwe robo ya mwisho ya mradi ikiwa akaunti bado iko wazi. Ikishafungwa, mwenye kusaini huwa amehamishiwa mradi mwingine, na kinu kitabaki ghalani kwa mtu asiyejua ni cha nani.